Kabla ya Kufunga Injini ya Turbo Kwenye Hilux ya Zamani

Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 3L ina chesisi ngumu, lakini ikipakiwa tani moja hupanda mlima kwa shida. Injini hiyo ya lita 2.8 haina turbo, na nguvu zake ni farasi 90 hivi. Ndiyo maana wenye pikapu hizi huitamani 1KD-FTV, injini ya turbo ya lita 3 iliyofungwa kwenye Hilux kuanzia mwaka 2005, inayozidi farasi 160.

Kuipata si kazi. Kazi iko kwenye vitu vinavyoifuata.

3L inahitaji umeme kidogo sana. 1KD haiwaki bila kompyuta yake: kompyuta ndiyo inayofungua noziri, na hata pedali ya mafuta ni ya umeme, haina kebo. Usinunue injini ambayo wayaringi yake imekatwa. Dai kompyuta, pedali na sensa zote kutoka gari lilelile, na kama lilikuwa na ufunguo wa chipu, uje nao pia. Fundi anayesema nyaya ataziunga mwenyewe, mwombe akuonyeshe gari alilowahi kulimaliza, kisha uliendeshe.

Kabla ya kulipa, fungua sampo. Kwenye 1KD, sili za chini ya noziri zikivuja, moshi huingia kwenye oili na kuifanya masizi mazito yanayoziba chujio la pampu ya oili. Injini huunguruma vizuri dukani, halafu inakufa njiani kwa kukosa oili. Chujio likiwa jeusi na limeziba, ondoka, hata ukipunguziwa bei.

Tangi la zamani nalo ni hatari. Mfumo wa 1KD husukuma dizeli kwa mgandamizo unaozidi baa 1,300, na kutu au maji kidogo tu huharibu pampu na noziri, vipuri vya bei kubwa kuliko vyote humo. Safisha tangi au libadilishe, weka mipira mipya na filta yenye kitenga maji.

Giaboksi ya 3L haikuundwa kwa mvuto mkubwa wa 1KD. Chukua ya 1KD pamoja na klachi yake. Hapo mauntini zitahitaji kuchomelewa upya, na propela shafti kukatwa au kurefushwa, kisha kubalansiwa. Rejeta iwe kubwa zaidi. Intakula ya 1KD hukaa juu ya injini, hivyo boneti itatobolewa ipate upepo, au intakula ihamishiwe mbele kwa mabomba marefu.

Breki ndizo husahaulika, na hilo linanisikitisha. Gari lililoongezewa mwendo likiachiwa breki zilezile zilizochoka linahatarisha kila aliye barabarani. Zitengeneze kabla ya safari ya kwanza.

Kama pikapu yako inafanya kazi vijijini, ambako dizeli hutoka kwenye madumu, ushauri wangu ni 5L: lita 3, ya ukoo mmoja na 3L, bila turbo wala kompyuta. Inakaa palepale bila kukata chochote, na fundi wa kijijini anaijua.

Ukibadilisha injini yoyote, tunza risiti na hati za ilikotoka, upeleke taarifa ya namba mpya ya injini TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya ili kadi ya gari irekebishwe, kisha uijulishe kampuni ya bima.