Uzamili katika Lugha na Tamaduni za Asia Mashariki: Nafasi ya Lugha Kongwe

Utangulizi

Mwanafunzi anayekamilisha shahada ya kwanza aghalabu hudhani kuwa kusomea Kichina, Kijapani au Kikorea katika kiwango cha uzamili ni kuendeleza tu mazungumzo aliyojifunza darasani. Makala haya yanalenga kuihoji dhana hiyo. Tunadai kwamba kinachomtofautisha mtafiti wa fasihi hizo na msemaji hodari wa lugha zenyewe ni uwezo wa kusoma maandishi kongwe.

Lugha Kongwe na Mtafiti

Tuanze na China. Hadi vuguvugu la Mei 4, 1919 lilipoipa nguvu lugha ya kawaida, maandishi rasmi na sehemu kubwa ya fasihi iliyoenziwa yalikuwa katika wenyan, yaani Kichina cha kale. Msomaji wa gazeti la leo anaweza kukwama katika sentensi ya kwanza ya insha ya enzi ya Tang (618–907).

Hali kadhalika Japani. Orodha ya serikali ya mwaka 2010 ina herufi 2,136 za kanji kwa matumizi ya kawaida. Hizo humfaa msomaji wa magazeti. Hata hivyo, Genji Monogatari, kazi ya Murasaki Shikibu ya mwanzoni mwa karne ya 11, ina sarufi tofauti. Kiima huachwa mara kwa mara, na msomaji humtambua mtendaji kupitia vitenzi na viambishi vya heshima. Isitoshe, wasomi wa Japani waliandika pia kwa Kichina cha kale.

Nchini Korea, mfalme Sejong alitangaza alfabeti ya Hangul mwaka 1446. Pamoja na hayo, nyaraka za serikali ziliendelea kuandikwa kwa Kichina cha kale hadi mageuzi ya 1894. Kwa hivyo, Kichina cha kale ni mzizi unaoziunganisha fasihi hizi tatu. Ndiyo sababu vyuo vikuu vingi vya Marekani huzifundisha chini ya idara moja, na wanafunzi wa uzamifu hutarajiwa kujifunza zaidi ya lugha moja ya eneo hilo.

Je, Tafsiri Haitoshi?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuandaa pendekezo la kulinganisha usawiri wa wanawake katika Genji na katika tendi za Kiswahili. Msimamizi alimwuliza: "Ni Genji ipi uliyoisoma?" Ilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Waley, iliyochapishwa kati ya 1925 na 1933. Kazi asilia ina sura 54, lakini Waley aliiacha sura ya 38. Pendekezo hilo lilikuwa limejengwa juu ya kitabu kilichopungua, na mwandishi hakuwa na habari. Tafsiri kamilifu zaidi zipo, lakini nazo haziwezi kuzionyesha heshima zote zilizomo katika vitenzi vya Kijapani.

Jambo hili si geni kwetu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 uliandikwa kwa hati za Kiarabu na katika lahaja za kaskazini. Kijana anayezungumza Kiswahili cha Nairobi hawezi kuuhakiki kwa kutegemea mazungumzo yake tu. Iwapo tunawadai wageni wanaohakiki tendi zetu wazisome katika asili yake, haki inatudai vivyo hivyo.

Mapendekezo

Kwanza, mwombaji achunguze iwapo idara husika hufunza lugha kongwe, na kwa muda gani. Ufadhili wa serikali ya Japani, mathalani, huweza kujumuisha miezi sita ya maandalizi ya lugha, lakini maandalizi hayo hulenga lugha ya kisasa. Pili, aanze mapema. Taasisi ya Confucius imekuwapo katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005. Tatu, aliyechelewa asikate tamaa, bali achague mada inayolingana na uwezo wake, kwa mfano hadithi fupi za Kichina za baada ya 1919.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa ufasaha wa mazungumzo ni mlango tu wa taaluma hii. Anayenuia kuingia ahesabu miaka ya kujifunza kusoma kabla ya kuhesabu miaka ya shahada. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.