Sponji Ukutani: Sauti, Moto na Elimu ya Kujiendeleza kwa Wasanifu Majengo

Msanifu majengo hana budi kuendelea kusoma hata baada ya kupata shahada, kwani vifaa vya ujenzi hubadilika na huja na hatari zake. Mfano mmoja ni sponji ya plastiki inayobandikwa ukutani kwa ajili ya kupunguza sauti.

Sauti hukabiliwa kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuifyonza. Mawimbi ya sauti yaingiapo katika vitundu vidogo vya sponji, hewa husuguana na kuta za vitundu hivyo, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto dogo sana. Hivyo mwangwi chumbani hupungua na maneno husikika wazi, yakiwemo matangazo ya hatari. Njia ya pili ni kuizuia isipite. Hapa kinachohitajika ni uzito: ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, sauti ipitayo hupungua kwa desibeli 6 hivi. Sponji ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Kuchanganya mambo haya mawili kumegharimu maisha. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki uitwao The Station, mjini West Warwick, Marekani, fataki ziliwasha sponji iliyobandikwa kufuatia malalamiko ya majirani kuhusu kelele. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazili, fataki ziliwasha tena sponji ya namna hiyo. Walikufa watu 242, wengi wao kwa kuvuta moshi wenye sumu ya sianidi.

Sababu yaeleweka. Vitundu vile vile vinavyofyonza sauti huipa sponji eneo kubwa la kukutana na hewa, nayo plastiki yenyewe hutokana na mafuta. Moto ukishashika, huenea kwa kasi kuliko watu wanavyoweza kuufikia mlango.

Basi, somo la sauti lisitenganishwe na somo la moto. Ili kelele isitoke nje, msanifu aongeze uzito wa ukuta na kuziba nyufa. Ili kupunguza mwangwi, achague nyuzi za mawe au za kioo, ambazo haziwaki kwa urahisi. Na kwa kila kifaa aulize maswali mawili: kinafyonza sauti kiasi gani, na kikiwaka, watu watapata muda gani wa kutoka?