Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Faida ya Kupasha Mwili Moto Kabla ya Mpira

Yeyote aliyepata kusimama kando ya uwanja wa mpira huku kwetu Nyeri, Karatina au Nanyuki amekwisha kuliona jambo hili. Timu ya wageni hufika imechelewa. Vijana hushuka garini miguu imekufa ganzi kwa kukaa, huvaa viatu mbiombio, na mara filimbi hulia. Dakika za kwanza hukimbia kama swala. Ifikapo dakika ya ishirini wameshika viuno, vifua vyawabana, na mmoja wao yuko chini akilishika paja lake. Watazamaji husema, "Hawa hawana pumzi." Pengine pumzi wanayo. Walichokosa ni kuupasha mwili moto kabla ya mchezo.

Na tuitazame sababu yake. Mtu akiwa ameketi, damu iendayo katika misuli ya miguu ni kidogo. Akianza ghafula kukimbia kwa nguvu, misuli hutaka oksijeni nyingi papo hapo, lakini moyo na mapafu huhitaji dakika mbili au tatu hata kuifikia kazi hiyo. Katika muda huo misuli hufanya kazi kwa mkopo, na mkopo hulipwa kwa kuhema na kwa uchovu wa mapema. Mchezaji aliyekwisha kujipasha moto huingia uwanjani moyo wake ukiwa umeamka na damu imefunguka njia. Kwa hiyo hukopa kidogo. Tena, misuli yenye joto hupokea oksijeni kutoka katika damu kwa wepesi zaidi, na hukunjuka upesi kuliko misuli baridi. Dereva mwenye busara aondokaye Nanyuki alfajiri halikimbizi lori lake mara tu injini inapowaka. Na mwili ni vivyo hivyo.

Katika miji ya Mlima Kenya jambo hili lina uzito zaidi. Nyeri iko juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,750, na Nanyuki zaidi ya meta 1,900. Hewa ya huku ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kuliko pumzi ya mtu wa Mombasa. Wenyeji wamezoea, lakini mgeni kutoka pwani huona taabu mapema, naye yampasa kuanza polepole zaidi. Kisha kuna baridi ya Juni hadi Agosti, wakati mawingu yanapouficha mlima kutwa nzima. Siku kama hizo, katika uwanja wa Ruring'u au wa kijijini, mwili huchelewa kupata joto na huwahi kulipoteza.

Lakini tusidanganyane. Kujipasha moto hakumpi mtu stahamala ambayo hakuitafuta kwa mazoezi ya juma zima. Wala kuzidisha hakufai. Mchezaji wa katikati aweza kukimbia kilometa kumi au zaidi katika dakika 90, na nguvu za safari hiyo ni akiba iliyomo katika misuli yake. Anayeimaliza akiba kwa mbio kali kabla ya filimbi ni kama mkulima anayekula mbegu zake kabla ya mvua.

Basi utaratibu ufaao ni huu, nao hauhitaji zaidi ya dakika 20:

Kwanza, kukimbia polepole kwa dakika nane hivi, mkizungusha nyonga, mkienda kando na kurudi nyuma.

Pili, dakika kumi za kuimarisha mwili: kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa kidogo.

Tatu, dakika mbili za mbio za kasi fupi fupi na kugeuka ghafula. Kisha ingieni uwanjani bila kukawia.

Utaratibu wa namna hii ulitungwa na waganga wa FIFA. Ulijaribiwa nchini Norway mwaka 2007 kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na habari zake zikatangazwa mwaka 2008. Katika timu zilizoufuata, walioumia walipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Wala haukuhitaji vyombo vya fedha nyingi.

Yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kuivuta misuli na kutulia hivyo kwa dakika nzima au zaidi kabla ya mchezo; jambo hilo hupunguza nguvu zake kwa muda. La pili ni kuketi kimya wakati wote wa mapumziko. Wataalamu wa Denmark walionyesha mwaka 2004 kwamba joto la misuli ya wachezaji walioketi lilishuka kwa nyuzi mbili hivi, na mbio zao zikapungua mwanzoni mwa kipindi cha pili. Waliofanya mazoezi mepesi kabla ya kurudi uwanjani hawakupatwa na hayo. Wachezaji wa akiba nao wasisahauliwe: wavae nguo nzito, na wakimbie kidogo kando ya mstari kabla ya kuitwa.

Kijana achumaye majani ya chai siku za juma, au aendeshaye pikipiki ya abiria, miguu yake ndiyo mtaji wake. Akichanika msuli Jumapili, Jumatatu nyumba nzima huumia pamoja naye. Enyi manahodha na walimu wa michezo, ikiwa gari limechelewa, mwombeni mwamuzi dakika chache. Mwanzo wa ngoma ni lele. Na mpira mwema huanza kabla ya filimbi.