Nimepewa mfumo mpya, mwezi wa pili sijaanza

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 26, naandika programu katika kampuni ndogo hapa Dar es Salaam. Nimekabidhiwa mfumo wa kusimamia bidhaa za duka la jumla la mteja wetu. Huu mwezi wa pili, sijaandika kitu cha maana. Kila siku nalinganisha lugha za programu, naangalia video za mafunzo, mara jioni imefika. Bosi akiuliza nimefikia wapi, namjibu "inaenda vizuri". Usiku silali. Je, mimi ni mvivu?

JIBU: Mwanangu, mvivu hulala, wewe hulali. Kinachokushika ni hofu. Mfumo ambao haujaandikwa hauna kosa, lakini ukishaandikwa utajaribiwa na kukosolewa. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha kazi hutafuta nafuu ya haraka dhidi ya hisia mbaya ambayo kazi hiyo inamletea. Video zako zinakupa nafuu hiyo: unajiona uko kazini, na hakuna wa kukukosoa.

Kwa hiyo usijilazimishe kukaa ofisini saa nyingi zaidi. Ipunguze kazi ya kwanza mpaka isikutishe. Chukua bidhaa moja tu, tuseme sukari. Tengeneza fomu yenye nafasi mbili, jina la bidhaa na idadi. Muuzaji akibonyeza, idadi ihifadhiwe kwenye kanzidata, kisha ionekane kwenye skrini. Nywila, ripoti na malipo ya simu viache kwanza. Isipendeze, lakini ifanye kazi toka mwanzo hadi mwisho. Ikishafika hapo, kila utakachoongeza kitakuwa na pa kushikilia, na makosa utayaona mapema, wakati kuyarekebisha bado ni rahisi.

Lugha ya programu, tumia unayoijua tayari. Mteja hatakuuliza umetumia lugha gani. Atakuuliza imebaki mifuko mingapi stoo.

Usione aibu kuanza na kidogo. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoitangaza Agosti 1991 kazi yake, mfumo endeshi uliokuja kuitwa Linux, akisema anaifanya kwa kujifurahisha tu. Toleo la kwanza la Linux, lililotoka mwezi uliofuata, halikuweza hata kujitegemea bila mfumo mwingine, Minix. Leo simu za Android zinaendeshwa juu ya Linux. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, kikundi kidogo kilijenga Ushahidi kwa siku chache: mtu anatuma taarifa ya alichoshuhudia, nayo inawekwa kwenye ramani. Wangesubiri mfumo ukamilike kila kona, waliouhitaji wakati ule wasingeupata. Mwaka 2010 mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Sasa nikwambie lililo gumu. Hilo jibu la "inaenda vizuri" si kweli, na nadhani ndilo linalokukosesha usingizi kuliko kazi yenyewe. Bosi wako anamwahidi mteja kwa kutegemea maneno yako. Kesho asubuhi mfuate kabla hajakuuliza, umwambie: "Bosi, nimechelewa, nilikwama kwenye kuanza. Ijumaa nitakuonyesha kipande kimoja kinachofanya kazi." Huenda akakasirika. Vumilia, kisha Ijumaa umwonyeshe kweli, hata kama kina kasoro. Na kila jioni kabla hujafunga kompyuta, andika mstari mmoja unaosema kesho utaanzia wapi, ili asubuhi usianze tena kutafuta njia.

Ukiona kazi imeanza kwenda na usingizi bado haurudi, mwone daktari, usinyamaze.

Hukukosea kuchagua kazi, mwanangu. Linalowezekana leo lisingoje kesho: anza na fomu ya sukari, leo hii.