Kabla Fundi Hajafomati Laptopu Yako

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Mashine zinazotumia mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Bado zinawaka na kufanya kazi, ila mianya mipya ambayo wadukuzi wanaigundua haizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata huduma ya nyongeza. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu laptopu ya mtumba huwa nzito ikishajazwa programu za kila aina, wengi wetu tutaambiwa na fundi: "Hii inataka kufomatiwa."

Mfikirie mweka hazina wa chama. Kwenye laptopu yake kuna daftari la michango ya miaka 3, nambari za vitambulisho vya wanachama, orodha ya mikopo na kumbukumbu za mikutano. Fundi akifomati bila kuuliza, mashine itarudi ikiwa nyepesi kama mpya, nazo hesabu za chama zitakuwa zimekwenda. Siku ya mkutano, wanachama hawatamtafuta fundi. Watamwuliza mweka hazina.

Kufomati na kugawa

Diski ni kama shamba. Kugawa ni kuweka mipaka, ili shamba moja liwe vipande viwili au zaidi. Kufomati ni kukitayarisha kipande kimoja kipokee faili upya, na orodha ya yaliyokuwamo hufutwa. Baada ya hapo ndipo mfumo endeshi unasakinishwa.

Laptopu nyingi hufika mikononi mwa mnunuzi zikiwa na kipande kimoja kikubwa kinachoitwa C. Humo Windows, programu, picha za harusi na hesabu za chama hukaa pamoja, kwa hivyo mfumo ukiharibika kila kitu huwa hatarini. Ukiwa na vipande viwili, C kwa ajili ya mfumo na D kwa ajili ya faili zako, safari nyingine utafomati C peke yake na D haitaguswa.

Lakini D si nakala ya akiba. C na D ziko ndani ya diski ile ile. Diski ikifa, au laptopu ikiibwa, zote zinakwenda pamoja. Wapo mafundi wanaomwambia mteja kwamba akishagawiwa diski hahitaji tena kuweka nakala kwingine. Ushauri huo si wa kufuata.

Nakala kwanza

Nakili faili zako kwenye diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha. Usitazame folda ya Documents pekee. Faili nyingi huwa kwenye uso wa kompyuta, yaani Desktop, na nyingine kwenye Downloads, ambako stakabadhi zote ulizopakua kutoka eCitizen zimelala. Programu za uhasibu huweza kuweka faili zao mahali pengine kabisa, kwa hivyo tumia njia ya kuhifadhi nakala iliyomo ndani ya programu yenyewe. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pia yatapotea ikiwa hukuwa umeingia kwa akaunti.

Ukimaliza kunakili, chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, hata ya saiba unayoiamini, ufungue faili kadhaa: picha moja, hesabu moja, barua moja. Kuona majina ya faili hakutoshi. Kuna flashi bandia sokoni zinazodai kuwa na gigabaiti 512 na ndani zina nafasi ndogo sana. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, na ukija kufungua unakuta faili zimeharibika. Faili za watu wengine, kama hizo za chama, ni bora ziwe mahali pawili.

Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hujifunga zenyewe mwenye mashine akiingia kwa akaunti ya Microsoft, naye asijue. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Uandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Bila huo, kipande cha D kilichofungwa hakitafunguka mfumo mpya ukishaingia.

Kuchagua mfumo

Windows 11 inahitaji RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi. Hizo si takataka. Linux Mint au Ubuntu hupatikana bure, na kwa mtu anayetumia kompyuta kuandika barua, kufanya hesabu na kufungua tovuti za serikali, zinatosha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote. Tazama kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi, kisha uamue.

Kwa Windows, flashi ya kusakinishia iwe na angalau gigabaiti 8, na programu ya kuitengeneza ipakuliwe kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ikiwa laptopu ilikuwa na leseni halali, leseni hiyo imeshikamana na mashine. Sakinisha toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, na itajitambua ikiunganishwa na intaneti. Mtu akikuambia lazima atumie programu ya kuvunja leseni, kataa, kwa maana programu hizo mara nyingi huja na virusi.

Siku ya kazi

Chaji betri ijae na uache chaja imechomekwa, maana stima ikipotea katikati utalazimika kuanza upya. Kisha, na hili husahaulika, chomoa diski ya nje yenye nakala zako. Ukurasa wa kusakinisha huonyesha diski zote zilizounganishwa, na kwa jina tu ni vigumu kuzitofautisha. Watu wamefuta nakala yenyewe wakidhani wanafuta diski ya ndani.

Zima laptopu, chomeka flashi ya kusakinishia, kisha iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni F9. Fuata maswali hadi ufike kwenye orodha ya diski na vipande vyake. Hapo ndipo pa kusimama na kusoma polepole. Diski ya ndani utaitambua kwa ukubwa wake. Usishtuke ukiona diski ya gigabaiti 500 inaonyeshwa kama 465, au ile ya 256 kama 238. Hakuna aliyekuibia. Kiwanda na Windows huhesabu kwa vipimo tofauti.

Ikiwa umeshathibitisha nakala zako na hakuna kitu cha kubakiza, futa vipande vyote vya diski ya ndani hadi ibaki nafasi moja tupu. Tengeneza kipande cha kwanza kwa ajili ya mfumo. Gigabaiti 120 zinatosha watu wengi. Ukurasa huo ukitaka kipimo cha megabaiti, andika 122880. Windows itajitengenezea vipande vidogo vya kuiwezesha kuwaka, viache. Nafasi iliyobaki itengenezee kipande cha pili, kifomati, kisha rudi uchague kile cha gigabaiti 120 ndipo uendelee. Ukichagua kimakosa kile cha pili, mfumo utakwenda kukaa ulikotaka kuweka faili.

Ikiwa tayari una D yenye faili, kazi ni fupi zaidi: fomati C peke yake, na usiguse kingine. Muulize fundi swali hili kabla hajaanza: "Unafuta kipande gani?" Asipoweza kukuonyesha kwa kidole kwenye kioo, chukua mashine yako.

Mfumo ukishaingia

Wakati mwingine Wi-Fi hukataa kwa sababu mashine haijapata programu ya kuiendesha. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, uiruhusu igawe intaneti, kisha uache Windows ijisasishe yenyewe. Hakikisha una bando ya kutosha, kwani masasisho ya kwanza ni makubwa.

Halafu hamishia folda ya Documents kwenye D. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha ukurasa wa Location, na uelekeze D. Usipofanya hivi, kila barua utakayoandika itaendelea kuingia C, na ule mgawo wote utakuwa wa bure. Sasa ndipo urudishe nakala zako.

Ikiwa unauza laptopu ya zamani

Kufomati kwa haraka hakufuti faili zenyewe. Ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo ukaacha kitabu kizima, na kwenye diski za kuzunguka mtu mwenye programu ya kurejesha faili anaweza kukisoma. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayeshika taarifa za wengine ana wajibu wa kuzilinda, na orodha ya vitambulisho vya wanachama ni taarifa za namna hiyo. Kabla ya kuuza, ondoa alama kwenye kisanduku cha Quick Format ili diski iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Kwa diski ya SSD, tumia programu ya kufutia ya kampuni iliyoitengeneza. Na ikiwa mashine haiwaki tena, mwombe fundi afungue skrubu za chini akutolee diski yako ubaki nayo, kisha umpe mnunuzi wa vyuma hiyo iliyobaki.