Mama Alipoanza Kuchovya Mkate

Mama alipomaliza mionzi na dawa za saratani ya umio, tulipika pilau nyumbani kwetu Al Khuwair, majirani wakaja kutupa mkono wa pongezi. Miezi minne baadaye chakula kikaanza kumkwama.

1. Kukwama si lazima saratani imerudi. Mimi nililia jikoni, maana dalili ile nilikuwa naijua kwa tafsiri moja tu. Daktari akanieleza kwamba mionzi huumiza umio mara mbili. Kwanza ni wiki ya pili au ya tatu ya tiba: ndani huwa pekundu, huvimba, hutoka vidonda, na kumeza ni kama kumeza makaa. Mara ya pili huja kimya, miezi kadhaa baadaye, nyama ikishakakamaa na kovu kubana njia.

2. Kamera huona, maabara ndiyo huamua. Nilioneshwa picha za ndani ya umio: ukuta uliopauka, vijishipa vyekundu kama nyuzi, kisha tundu dogo. Kovu na uvimbe mchanga huweza kufanana, kwa hiyo Mama alikatwa vinyama vya kupimwa, kwa uangalifu, kwani nyama iliyopigwa mionzi ikitoboka hupona kwa taabu. Majibu yakatoka: kovu. Nilisujudu.

3. Njia hupanuliwa kwa subira. Huingizwa puto dogo na kujazwa pale palipobana, na kwa kawaida daktari hapanui zaidi ya milimita 3 kwa siku moja, asije akachana umio. Mama alirudi mara nne. Njia ikiwa chini ya milimita 13 hivi, vyakula vigumu husumbua, basi tukaishi kwa uji na boko boko laini.

4. Usimuulize mgonjwa kama ameshiba, mwangalie anavyokula. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Wiki sita nzima kabla ya kusema kwamba chakula kinamkwama, Mama alikuwa akichovya mkate kwenye chai mpaka ulainike kabisa, akitafuna muda mrefu, akisukumia kwa maji. Nikimuuliza, anajibu, “Alhamdulillahi, mwanangu, sijambo.” Wazazi wetu wa Unguja walilelewa hivyo, kutomsumbua mtoto kwa maradhi. Nilikuwa nikikaa mbele yake kila asubuhi, nami sikuona.

Juzi alimega mkate wa ufuta, hakuuchovya. Sote tukanyamaza mpaka alipomeza.