Irabu za Kiingereza kwa Mtu wa Kenya, Lubumbashi

Kiingereza si mgeni hapa: reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ilitokea Rhodesia ya Waingereza. Lakini kwanza jiulize utaongea na nani. Mama wa komini ya Kenya anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kutafuta unga ataelewana na Wazambia bila shida, kwani Kibemba nacho, kama Kiswahili chetu, kina irabu tano, a, e, i, o, u, na Kiingereza cha wengi kule kimeegemea hizo hizo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuelewana na wageni wa migodini.

Hatua ya kwanza, weka karatasi kando. Tumesoma shule kwa Kifaransa, hivyo jicho likiona “bus” midomo inachongoka yenyewe. Sikiliza, rudia, ndipo utazame tahajia. Wengi huiruka hatua hii, kisha humlaumu mwalimu.

Pili, i mbili. Mjerumani hapa hana taabu. Lugha yake inatofautisha “Schiff”, yaani meli, na “schief”, kilichopinda. Sisi tuna i moja tu. Sema “piga”, uivute ile i huku midomo ikitanuka: umepata “sheep”, kondoo. Sasa legeza ulimi, ushushe kidogo kuelekea e, ukate upesi: “ship”, meli. Tuliambiwa tofauti ni urefu na ufupi. Haitoshi! Ukifupisha bila kulegeza ulimi, mgeni atasikia kondoo bado. Na usimalizie kwa u. “Shipu” si meli wala kondoo.

Tatu, a. Mjerumani huteleza kwenye e, “bad” ikawa “bed”. Sisi huangukia a yetu, ikasikika “bud”. Anza na e, ulimi ubaki mbele, kisha shusha taya: “bad”, “cat”. A yetu fupi iwekee “cut”. “Cart” ya Waingereza ni ndefu, hutoka nyuma ya kinywa, na r haisikiki.

Nne, “bird”. Hapa Kifaransa kinatufaa: tamka “sœur”, shikilia irabu yake, kisha rudisha ulimi nyuma kidogo, ndipo uondoe mviringo wa midomo.

Mwisho, jirekodi kwa simu ukisoma orodha inayochanganya maneno mawili ya jozi moja, kama “ship” na “sheep”, umpe rafiki anayekijua Kiingereza aandike anachosikia bila kuiona orodha yako. Usianze jozi nyingine kabla hajaacha kukosea.